Miraba Thelathini na Mmoja

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili usihangaike kumtafuta, maana chumbani tulikuwa wafumaji wanne, wageni wawili na mtoto mchanga mmoja, na hata yule mtoto alikuwa anajua kinachoendelea kunizidi.

Mimi ni fundi wa kufuli. Nina kibanda chenye mashine moja ya kuchonga funguo, ubao uliojaa misumari na funguo zinazoning'inia, na kiti cha mteja ambacho hakikaliwi kwa sababu mguu wake mmoja ni mfupi. Kazi yenyewe ni hii: unabana ufunguo wa zamani upande mmoja, unabana ule usiochongwa upande wa pili, ubavu kwa ubavu, zote mbili zikitazama kulekule. Ukikosea ukaubana mmoja ukiwa umegeuka, mashine haitakuambia. Itachonga tu kwa kelele zake zilezile, nawe utamkabidhi mteja ufunguo wa mlango ambao haujajengwa. Jambo hilo nimewafundisha wengi. Lishike, maana mimi mwenyewe lilinitoka.

Nilianza kufuma nilipoacha sigara. Mikono ilikosa ajira. Nikawa nang'ata kucha, nagonga meza, nafungua na kufunga kabati la vyombo, mpaka mke wangu akasema, "Nenda kwa mdogo wangu akakupe kitu cha kushika, kabla sijakushika mimi."

Mdogo wake ni fundi cherehani. Mbele ana duka la kushonea. Nyuma, ukivuka pazia, kuna chumba chenye dirisha refu, meza ya kukatia nguo na sanduku la nyuzi. Kila Jumamosi mchana, akishafunga duka, watu wawili walikuja kufuma naye. Nilidhani nitakuta kina mama watupu. Nikakuta mmoja ni mwanamume, mwalimu wa hesabu, amejifumia soksi na anazivaa na makubazi bila wasiwasi. Wa pili alikuwa nesi mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa. Kiharusi kilimpitia kikamwachia mkono wa kushoto umekunjika kwenye kiwiko, kiganja kimeinama, haunyooki wala haushuki. Sindano aliishika kwa mkono wa kulia, uzi akauzungusha kwenye ule uliokunjika, na kazi yake ilitoka safi kama imepigwa pasi. Kwa kuwa mwenye nyumba aliniita shemeji, nao wakanirithi hivyohivyo. Nikawa shemeji wa wote, na yeye mwenye nyumba nami nikamwita Shemeji.

Sasa, mimi ni mtu wa utani. Dunia imenichapa makofi ya kutosha, nami niligundua zamani kwamba anayepigwa akicheka, mpigaji huchoka upesi. Kwa hiyo siku ya kwanza tu niliwabatiza. Nesi nilimwita Birika. Mtu bahili tunasema ana mkono wa birika; huyu alikuwa nao wa kweli, mpini kabisa, umekaa tayari kushikwa. Nikamwambia, "Mama, kwako chai haikosekani, ila kumiminiwa ndiyo kazi." Mwalimu ana kigugumizi, nikamwita Pikipiki, kwa sababu kila sentensi anaipiga kiki mara tatu ndipo iwake.

Walicheka. Shemeji alicheka kidogo, Mwalimu alicheka baada ya kukohoa, na Birika akautazama mkono wake kama mtu anayeonyeshwa picha yake ya zamani, kisha naye akacheka. Nikasema moyoni, hapa nimefika kwetu.

Mtu akinuna nilikuwa na dawa yake. "Natania tu. Mbona hucheki?" Hakuna aliyewahi kukosa kucheka baada ya hapo. Jaribu uone. Ni swali lenye jibu moja tu.

Shemeji akanipa sindano yenye ndoano nchani, akavuta kiti akakaa mbele yangu, akaanza kunionyesha tundu la kwanza. Hatujafika mbali akasimama.

"Hapana. Njoo ukae huku, ubavuni mwangu. Ukinitazama kwa mbele utageuza kila kitu."

"Nikija ubavuni mwako dada yako atanifumania," nikamjibu. "Nimekuja kufuma mimi, sikuja kufumaniwa."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mwalimu alijifuta machozi kwa soksi aliyokuwa anaifuma. Mzaha ukiwa mtamu namna ile, huwezi kuuharibu kwa kutii. Nikabaki pale pale nilipo, uso kwa uso na Shemeji. Mkono wake wa kulia ukienda, wangu wa kushoto unaufuata, kama mtu anayejinyoa mbele ya kioo. Mimi, mtu wa funguo. Miaka ishirini na minane ya ubavu kwa ubavu, nikaiuza kwa kicheko kimoja.

Lakini nilipenda. Hapa sitanii. Uzi ulipokubali kushika tundu la kwanza, la pili, la kumi, mikono yangu ilitulia kwa mara ya kwanza tangu nizime sigara ya mwisho. Siku za kazi nilianza kuona mitindo kwenye nondo za madirisha ya watu, kwenye vigae vya benki, kwenye shati la mteja aliyekuja kulalamika. Maisha yangu yote nimenakili. Mtu analeta ufunguo wake, ninampa mwingine kama huo, anaondoka. Sikuwahi kutengeneza kitu kilichoanzia kwangu. Sasa kila Jumamosi nilikuwa nakaa mezani na watu watatu wanaoniuliza habari za wiki na kusubiri jibu, na mkononi nina kitu ambacho saa tatu zilizopita hakikuwepo duniani. Mke wangu alisema nimeanza kupiga mluzi bafuni.

Kisha binti yangu akatuambia ana mimba, mtoto wake wa kwanza, mjukuu wetu wa kwanza. Kikundi kilikuwa na desturi: mmoja wetu akipata mjukuu, wote wanamfumia blanketi la miraba, kila mtu na rangi yake. Shemeji akagawa nyuzi. Yeye mwenyewe nyeupe, Birika njano, Mwalimu buluu, mimi kijani. Sheria ilikuwa kazi ya blanketi haitoki mle chumbani, isije ikapotea kibandani kwa mtu au ikaliwa na panya. Kwa hiyo kila Jumamosi nilimaliza mraba wangu mmoja, nikautumbukiza kikapuni, nikaenda zangu. Jumamosi iliyofuata Birika ananikabidhi bonge la kijani, naanza mwingine.

Katika yote hayo nilitaka jambo moja tu: mjukuu wangu alale chini ya kitu kilichotoka mikononi mwangu. Nilimwambia binti yangu, nikamwambia mama mkwe wake, nikawaambia wateja waliokuja kuchongesha funguo za vyoo. Kijani yote ni babu. Nilikuwa nahesabu kama mfungwa anavyohesabu siku. Kumi na mbili. Ishirini. Ishirini na saba.

Kuna mambo mawili niliyaona na sikuyaona.

La kwanza lilitokea mwanzoni kabisa. Mwalimu aliutoa mraba wangu kikapuni, akauweka mezani kando ya wake, akaugeuza, akaugeuza tena, akakunja uso kama aliyepewa jumla isiyolingana. Akanitazama.

"Shemeji, hiki ki-ki-ki..."

"Piga kiki, Mwalimu," nikasema. "Piga, itawaka."

Nikamwigizia na mguu kabisa, nakanyaga hewa, mdomo unanguruma. Shemeji akainamia meza akicheka. Mwalimu naye akatabasamu, akaurudisha mraba kikapuni.

"Ki-kizuri," akasema.

La pili lilikuwa uzi wenyewe. Kadiri wiki zilivyokwenda, kijani ile ilizidi kuja imejiviringa, ina mawimbi, haitaki kunyooka. Nyuzi za wenzangu zilinyooka kama waya. Siku moja niliuinua nikauonyesha dirishani.

"Nyie mnanunua wapi uzi huu? Huu umetoka saluni. Tazameni, umesukwa jana, leo umefumuliwa."

Sijawahi kuchekesha watu namna ile. Shemeji alitoka akaenda mbele dukani, nikamsikia anacheka huko peke yake. Mwalimu aliangusha sindano. Birika alishikilia meza kwa mkono wake mzima, mabega yanaruka, hawezi hata kunitazama. Nilivimba kichwa. Mzaha huo wa saluni nikaurudia wiki sita mfululizo na haukuchuja hata mara moja. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mzaha usiochuja ni kama maziwa yasiyoganda. Ujue yametiwa kitu.

Siku yenyewe ikafika, Jumamosi saa tisa. Mtoto alikuwa na wiki tano. Binti yangu akaja naye, pamoja na mama mkwe wake, mwanamke mpole mwenye miwani, ambaye kila kitu hukikagua kwa vidole kabla ya kukisifu. Mke wangu alibaki nyumbani na homa, na hadi leo namshukuru aliyemletea homa hiyo.

Blanketi lilikuwa juu ya meza ya kukatia, limekunjwa, limefungwa kwa karatasi ya kaki na uzi. Mimi sikuliona lilipokuwa linaungwa. Shemeji alisema kuunga ni kazi ya cherehani, tumwachie. Mwalimu alipotaka kuninong'oneza jambo mlangoni, nilimpigapiga begani nikampita. Nikaomba kusema maneno mawili. Nilisema kama mia tatu.

"Mama mkwe," nikasema, "hapa unatuona watu wa kawaida, fundi, nesi, mwalimu na mzee wa kufuli. Lakini tumefuma miezi saba. Ukiona nyeupe, ni shemeji yangu huyu. Njano ni huyu Birika wetu; siku aliyotoa uzi wake bure tulipiga makofi. Buluu ni Pikipiki. Na kijani, miraba thelathini na mmoja, nimeihesabu, kijani ni mimi. Mwanangu, mtoto akilia sana, mfunike upande wa kijani. Huko ndiko aliko babu yake."

Mama mkwe aliitikia, amefurahi kweli. Nikaona Shemeji anafungua uzi wa karatasi polepole sana, kidole kwa kidole. Nilidhani ni heshima.

Akalikunjua.

Nyeupe, njano, buluu. Nyeupe, njano, buluu. Lilikuwa zuri kuliko nguo yoyote nyumbani kwangu, pembe zote zimekaa, miraba yote inazunguka upande mmoja kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki. Likajaa meza nzima, likamwagika kidogo pembeni.

"Maridadi," akasema mama mkwe, vidole vyake vikitembea juu yake. Vilitembea hadi mwisho, vikarudi. "Na kijani?"

"Iko chini," nikasema. "Ligeuze."

Akaligeuza. Buluu, njano, nyeupe.

"Labda ni macho yangu," akasema, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena, akainama. Upole ule unaua, bwana. Angenitukana ningepona. Na mimi nikainama kando yake, watu wazima wawili tunatafuta kijani kwenye blanketi lisilo na kijani. Niliinua hata pembe zake. Nilitazama chini ya meza.

Aliyecheka wa kwanza ni binti yangu. Kicheko kilikuwa changu kabisa, kile cha puani kinachoanza kwa kuzuiwa.

"Baba," akasema, "sasa miezi saba yote hiyo ulikuwa unafuma nini?"

Kicheko chake kilimwamsha mtoto, mtoto akalia, na yeye na mama mkwe wakatoka naye kwenda mbele dukani akamnyonyeshe, wamebeba na blanketi. Pazia likafunga nyuma yao. Tukabaki wanne.

"Miraba yangu iko wapi?" nikauliza.

Shemeji alikuwa anaikunja ile karatasi ya kaki, anaipiga pasi kwa kiganja.

"Wa kwanza tulijaribu kuuunga," akasema. "Yetu inazunguka huku, wako unazunguka kule. Ukiuweka kati unawapa wenzake kisogo. Tena una pembe tano, shemeji. Mraba wenye pembe tano."

"Si mngeniambia."

"Nilikuambia. Siku ya kwanza. Nilisema njoo ubavuni."

"Ule si ulikuwa mzaha?"

"Mzaha ulikuwa wako. Mimi nilikuwa nafundisha."

Nikamgeukia Mwalimu, maana huyu nilijua ni mtu wa haki. "Na wewe? Mwanamume mwenzangu?"

"Ni-ni-nilianza kusema," akasema. Akasimama, akasubiri, kama mtu aliyezoea kukatwa. Safari hii hakuna aliyemkata. "Ni-nilitaka kusema kimegeuka. Nilipofika kwenye ki, we-wewe ukaanza kukanyaga."

Mguu wangu wa kulia, Mungu anisamehe, ulisogea chini ya meza.

"Sawa," nikasema. "Wa kwanza ulikuwa mbovu. Na hiyo thelathini mingine? Nimeketi hapa Jumamosi thelathini na moja, mnanipa uzi, mnanitazama. Iko wapi?"

Birika aliuinua mkono wake uliokunjika, akauweka mezani mbele yangu, kiwiko chini, kiganja juu.

"Ukishatoka, naifumua," akasema. "Nauzungushia uzi hapa, kutoka kiwiko hadi kidole gumba. Mkono unakaa wenyewe, hauchoki. Mwanzoni nilitumia dakika saba. Siku hizi nne."

Nilifuma saa tatu. Alifumua dakika nne.

Ikanichukua muda kuelewa, maana kuna mambo ambayo akili huyapokea kama barua ya mahakama, inaiacha mezani kwanza. Kisha nikaona bonge la kijani likinifikia mkononi kila wiki kutoka mkono ule, limejiviringa, lina mawimbi. Halikuwa bonge jipya hata mara moja. Ulikuwa uzi mmoja. Miezi saba nimefuma uzi uleule mmoja. Na mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, mbele yao, wiki sita mfululizo: umesukwa jana, leo umefumuliwa.

"Nyie ni watu wabaya," nikasema. "Mimi nilikuja hapa nikawa mtu wenu. Nilikuwa nawachekesha. Kabla yangu mlikuwa mnakaa hapa kimya kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Leo mnanivua nguo mbele ya mkwe."

"Tulitaka kukuambia kabla hatujalifungua," akasema Shemeji. "Ulikuwa unahutubia."

"Mngenikata."

"Wewe? Nani amewahi?"

"Lakini miezi saba. Mtu mzima. Mnacheka mpaka mnaangusha sindano, kumbe mnanicheka mimi."

Mwalimu akavua miwani yake, akanitazama bila hasira yoyote.

"Tulikuwa tunatania tu," akasema. "Mbona hucheki?"

Sentensi ile iliwaka kwa kiki moja.

Nilijaribu, nakuapia. Nilifungua mdomo nikatafuta kicheko, maana nilijua vizuri kuliko wote pale kwamba swali hilo lina jibu moja tu. Kilichotoka ni kikohozi cha mvutaji. Upande wa pili wa pazia nilimsikia mama mkwe anamwambia binti yangu, "Mwache mzee, usimcheke, labda alichanganya na blanketi la mtu mwingine." Kwa binti yangu nilisikia tu pumzi za puani.

Nikafanya kile anachofanya mtu aliyeshindwa kwenye kila hoja. Nikadai mali yangu.

"Basi sawa," nikasema, nikasimama. "Mbaya ni mimi. Ila jasho ni jasho. Nilifuma kwa mikono hii, na nilichofuma ni changu, kiwe na pembe tano au kumi. Sitaki maelezo mengine. Nataka miraba yangu, yote thelathini na mmoja, niiweke mwenyewe juu ya mjukuu wangu. Nipeni."

Birika akainuka, akaenda kwenye sanduku la nyuzi, akainua kifuniko kwa mkono mzima na kukiegemeza kwenye ule uliokunjika. Akarudi na bonge moja dogo la kijani, limechakaa, lina manyoya kama paka aliyenyeshewa. Akaliweka katikati ya kiganja changu, akanifunga vidole kimoja kimoja juu yake, kama nesi anayempa mgonjwa dawa ya kwenda nayo nyumbani.

"Yote imo humo, shemeji," akasema. "Mkono wa birika hautupi kitu."